Ongeza Mafuta

Ni mimi niliyesema maneno yale. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekana. Nilikana kwa mdogo wangu Elia kwenye simu, nikakana mbele ya shangazi zetu msibani, nikakana hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Maneno yenyewe ni mawili tu, "ongeza mafuta", na yalitosha kuliharibu lori moja na jina la fundi mmoja.

Elia anaishi Misigiri, wilaya ya Iramba, kwetu tulikozaliwa. Ana lori dogo la kubeba mpunga kutoka bondeni Shelui na kuupandisha mlima wa Sekenke mpaka Misigiri. Mimi nafundisha chuo Dodoma, na jioni naandika makala. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu injini. Lakini nilikuwa nimechangia kulinunua lile lori, na nilikuwa na simu yenye bando, kwa hiyo baada ya wiki mbili za kutazama video nilijiona mtaalamu. Niliona mdomo wa kuvutia hewa upo chini, nyuma ya tairi, unakula vumbi kama kuku. Nikaagiza uhamishwe juu ya kabini kwa bomba pana, na kopo la chujio liwe la lori kubwa zaidi. Hata mpira wa kuunganishia nilinunua mwenyewe, nikautuma kwa basi.

Kazi ilifanywa na fundi Hamisi Ntandu wa Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida. Wenye malori wengi wa Misigiri walikuwa wakimfuata yeye, ingawa safari ni ndefu. Alipomaliza mambo ya hewa alinipigia simu. Elia hakuwepo, na mimi ndiye niliyejifanya msimamizi. Akaniambia, "Dada, hewa sasa inaingia nyingi. Imebaki kujaribu barabarani. Upande wa mafuta unasemaje?"

Nilikuwa mlangoni mwa kikao. Nikafikiri tangi limekauka na fundi anaona haya kusema. Nikajibu kwa sauti ya mtu mkarimu: "Ongeza mafuta, fundi. Usibane. Ongeza ya kutosha."

Kwangu mimi mafuta yapo kwenye tangi. Kwake yeye, aliyekuwa amesimama mbele ya pampu ya dizeli na bisibisi mkononi, mafuta ni kile kipimo ambacho pampu inairushia injini, na kinapangwa kwa skrubu moja ndogo. Akaizungusha bila kubana, kama alivyoambiwa na mwenye mali.

Siku ya kwanza Elia alipopanda Sekenke na mzigo, lori lilitoa moshi mweusi hadi magari ya nyuma yakasimama. Kabla ya nusu ya mlima likachemsha maji. Alipomuuliza fundi, fundi akasema, "Dada yako aliniambia niongeze." Elia akaniuliza. Nikamjibu, "Mimi? Ningejuaje habari za pampu?"

Ni swali, wala si uongo. Nimekuwa nikijifariji hivyo.

Fundi mwingine wa njiani aliibana ile skrubu mpaka moshi ukapungua, na nguvu zikapungua pamoja nao. Tangu hapo lori linabeba nusu mzigo. Na pale Misigiri fundi Ntandu alipewa jina: Ntandu wa Moshi. Hakuna mwenye lori aliyekwenda tena kwake. Kisha mwezi uliopita Elia akanipigia kusema anatafuta mtu wa kulinunua lori kama chuma chakavu. Nikaomba ruhusa ya siku tatu kazini.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Dodoma. Nilipata kiti cha dirishani, na tulipotoka mjini nikaanza kufanya mazoezi ya kuungama. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri: "Kulitokea mkanganyiko wa mawasiliano baina yetu." Nikaisema kwa midomo. Nikaibadilisha: "Kulijitokeza hali ya kutoelewana."

Mzee wa pembeni yangu, mstaafu wa reli aliyekuwa anarudi kwake Manyoni, alinivumilia mpaka tulipopita Bahi.

"Mwanangu, unakariri mahubiri?"

"Shikamoo, baba. Hapana. Naenda kumwomba mtu msamaha."

"Marahaba. Sasa hiyo 'kulitokea', nani alitokea?"

"Mimi."

"Basi sema mimi. Mke wangu nikimwambia 'kulitokea', ananinyima mboga."

Saa mbili na nusu, Manyoni. Mzee alishuka na mfuko wake, akanipungia mkono huku akicheka. Nilinunua chai ya kikombe cha karatasi, nikaifuta kichwani ile sentensi nzuri. Kutoka pale barabara inanyooka, na baada ya muda yanaanza yale mawe ya Ikungi yaliyopandiana. Alizeti zilikuwa zimekomaa na kuinamisha vichwa pande zote mbili. Kwa mtu anayekwenda kuungama, shamba zima la vichwa vilivyoinama si mandhari ya kutuliza moyo.

Saa tano na nusu, Singida, na bodaboda moja kwa moja hadi Unyambwa. Gereji ya fundi Ntandu ni kiwanja chenye uzio wa mabati mbele ya nyumba yake. Nilikumbuka picha alizonitumia wakati ule, malori manne yamebanana. Safari hii kulikuwa na trekta moja lisilo na magurudumu, na kuku.

Mkewe, Bi Zainabu, alikuwa anapepeta mtama kibarazani. Ni mdogo kwangu kwa miaka michache, nami nilijua ananijua.

"Shikamoo, dada," akasema, bila kuacha kupepeta.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibu. Kiti kile pale." Ungo uliendelea kucheza. "Umekuja kuona gereji? Iangalie vizuri. Siku hizi wanaingia kuku tu, na wenyewe hawataki sevisi."

Nikaketi. Fundi alitokea nyuma ya trekta akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Ni mtu mwembamba, amenipita kama miaka saba, na anatembea polepole kama anayehesabu hatua.

"Shikamoo, kaka," nikasema, na kabla hajaketi nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisubiri chai nitarudia mkanganyiko wa mawasiliano. "Fundi, mimi ndiye niliyesema uongeze mafuta. Nilikuwa na maana ya tangi. Elia aliponiuliza, nikakana. Nimekuja kusema hivyo."

Aliketi. Ungo wa Bi Zainabu ulisimama.

"Ulisema niongeze ya kutosha?" akauliza fundi.

"Nilisema."

"Na ulisema nisibane?"

"Nilisema usibane."

Akageuka kwa mkewe. "Mama Shabani, umesikia? 'Usibane.' Mwaka na nusu unaniambia masikio yangu yamezeeka!"

"Masikio hayajazeeka," akajibu Bi Zainabu. "Akili ndiyo imezeeka. Mtu yuko Dodoma anakwambia uongeze mafuta, humuulizi mafuta gani?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Ningeuliza. Lakini huyu dada alikuwa anaongea kwa uhakika. Wiki nzima ananitajia asilimia za hewa. Nikasema, msomi huyu, pengine kuna kitu amekiona mimi sijakiona." Aliposema tena hakuwa anacheka. "Dada, nimekusikia. Ila kwangu hapa umeungama kwa watu wawili na kuku. Mimi nilisemwa Misigiri, barabarani, mbele ya watu wanaonipa kazi. Kaseme kule."

"Twende wote," nikasema. "Na lori ulishike tena."

"Elia aliapa sitaligusa."

"Elia alidanganywa na dada yake."

Bi Zainabu akainuka kwenda kupika. Mlangoni akageuka. "Ugali unakula, au asilimia?"

Nilikula ugali, nikalala kwao.

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, njia ya Iguguno. Fundi alibeba kisanduku chake cha spana mapajani njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto. Mara moja tu aliniuliza kama ule mpira niliotuma bado upo kwenye lori. Nikasema nadhani upo. Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama nje.

Misigiri, saa nne kasoro. Malori huegeshwa kando ya barabara kuu, na wenyewe hukaa kwenye mabenchi ya mama lishe wakisubiri mizigo. Elia alikuwepo. Aliponiona alifurahi, na alipomwona niliyeongozana naye, furaha ikakatika.

"Dada, huyu umemleta wa nini?"

Mabenchi yote yalitugeukia. Nimewahi kusimama mbele ya kumbi za wanafunzi mia tatu, na sijawahi kuogopa kama nilivyowaogopa wanaume wanane wenye vikombe vya chai.

"Elia, yale maneno nilisema mimi. Fundi alipiga simu, nikamwambia aongeze mafuta, asibane. Nilidhani anazungumzia tangi. Uliponiuliza nilijikausha. Fundi hakukosea, alifanya nilichomwambia."

Mmoja wa wale wanaume akapiga mluzi. Mwingine akasema kwa Kinyiramba jambo ambalo sitaliandika hapa, kuhusu wanawake waliosoma sana, na benchi zima likaangua kicheko. Elia hakucheka.

"Mwaka mzima, dada. Mwaka mzima nimemtukana mtu mzima. Nimemwita jina."

"Najua."

"Hujui. Wewe uko Dodoma." Akamgeukia fundi, akashindwa kumtazama. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete ufunguo."

"Fundi, mimi... lakini ukweli ni ukweli. Lori limekufa, halina nguvu. Hata kama hukukosea, halipandi."

"Sijaja kuombwa radhi, Elia. Nimekuja na bisibisi. Lete ufunguo."

Elia akautoa mfukoni.

Nilidhani ataanza na ile skrubu. Hakuigusa. "Hewa kwanza," akasema. "Ukipima mafuta kabla hujaijua hewa unayopata, unapika ugali bila kujua maji ni kiasi gani." Akafungua kopo, akalitoa chujio, akaligongagonga tairini. Lilikuwa na vumbi, ila si la kutisha. Akalirudisha. Kisha akamwambia Elia awashe na apige resi, naye akaweka kiganja juu ya ule mpira mweusi unaounganisha bomba la juu na injini. Mpira wangu.

Injini ilinguruma. Fundi akaniita kwa kidole. "Weka mkono hapa."

Niliweka. Resi zilipopanda nilihisi mpira ukilainika chini ya vidole, kisha ukalala kabisa, pande mbili zikagusana. Moshi mweusi ukatoka kwenye ekzosi. Elia alipoachia, mpira ukavimba tena.

"Dada, hiki kitu ulikinunua duka gani?"

"La vifaa vya maji," nikasema. "Ulikuwa na kipenyo kilekile."

Wale wanaume walikuwa wameshaacha chai na kutuzunguka. Fundi alieleza kwa utulivu, bila kunitazama, na nikamshukuru kwa hilo. "Huu ni mpira wa kumwagilia. Maji yanausukuma kutoka ndani, kwa hiyo unasimama. Injini haisukumi, inavuta. Mpira laini ukivutwa, unalala. Mlimani, pale injini inapotaka hewa kuliko mahali popote, ndipo mnaiziba pua."

"Kwa hiyo si skrubu peke yake," akasema Elia taratibu.

"Skrubu niliizidisha, kweli. Lakini hata ningeipatia, kwa mpira huu lori lingetoa moshi tu. Na mimi nilipaswa kuushika huu mpira injini ikiwa mlimani, si ikiwa imetulia kwenye kiwanja changu. Hilo ni langu."

Kwa hiyo makosa yangu yalikuwa mawili, na la pili sikuwa hata nimepata nafasi ya kulikana.

Saa saba mchana. Mchomeleaji wa jirani alikata kipande cha bomba la chuma, akalipinda kufuata njia ya ule mpira. Fundi akaliunga kwa vipande vifupi vya mpira mgumu huku na huku, akakaza klipu, akazunguka viungo vyote kwa kiganja kutafuta pahali panapovuta vumbi. Hapo ndipo akaichukua bisibisi.

Skrubu yenyewe ni ndogo, ipo nyuma ya pampu, imefungwa kwa nati. Nilitegemea kitu chenye hadhi zaidi. Fundi alionyesha mkwaruzo mwembamba aliouweka siku ile ya kwanza, kabla ya simu yangu, kuonyesha skrubu ilikuwa wapi. Yule fundi wa njiani alikuwa ameirudisha nyuma mbali kuliko hapo. Ntandu akaileta kwenye mkwaruzo, akakaza nati. "Sasa tupakie."

Wenzake Elia walipakia magunia yao ya alizeti, wengine kwa udadisi tu. Tukaenda watatu kabini kwenye mwinuko ulio nje ya kijiji, mimi katikati, magoti yamegusana na gia. Elia akakanyaga. Lori lilivuta, lakini kivivu. Hakuna moshi.

"Linakula kidogo kuliko hewa linayopata," akasema fundi. Tukasimama, akashuka, akazungusha robo. Tukarudia. Sasa niliona tofauti mgongoni, kiti kikinisukuma. Kwenye kioo cha pembeni, Elia alipobadilisha gia, ulitoka moshi mwepesi wa kijivu, ukafutika.

"Robo tena?" akauliza Elia. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nusu ya robo. Uroho ndio uliotuleta hapa." Akanitazama mara moja tu.

Baada ya jaribio la tatu aliomba kitambaa cheupe. Kitu cheupe pekee kati yetu kilikuwa leso yangu. Akaishika mbele ya ekzosi Elia akipiga resi, kisha akaikunjua. Kulikuwa na duara la kijivu hafifu, kama alama ya penseli. Kipimo cha joto kilikuwa hakijasogea. Fundi akafunga nati, akaweka spana zake moja moja kwenye kisanduku.

Wale wanaume walipitishiana leso. Elia naye alisimama akilitazama lori, na nilimjua, alikuwa anataka kuamini na anaogopa.

"Mwinuko huu si Sekenke," akasema hatimaye. "Kesho asubuhi nina mpunga Shelui, mzigo kamili. Nikiupandisha mpaka juu bila kuchemsha, nitampigia fundi mwenyewe, palepale, na hawa wote wakisikia. Nikikwama, siwezi kusema kitu ambacho sicho."

"Ni haki," akasema fundi.

"Twende wote, utaona mwenyewe."

"Siendi. Nikiwemo watasema nilishuka nikasukuma."

Ijumaa, saa moja asubuhi. Nilikuwa na mtihani wa kusimamia Jumamosi, kwa hiyo tuliondoka na fundi kurudi Singida wakati Elia anateremka kwenda Shelui na wenzake wawili kama mashahidi. Stendi fundi alinisindikiza mpaka mlango wa basi, akaniambia niwasalimie wanafunzi, akaenda zake Unyambwa kuwahi sala ya Ijumaa.

Saa tano, kati ya Ikungi na Manyoni. Nilikuwa nimeishika simu mkononi tangu Puma. Mtandao unakuja na kupotea kwenye njia ile, na kila vijiti vilipopungua nilihisi mlima wa Sekenke ukirefuka. Nilijaribu kufikiri nimejifunza nini, maana ndivyo wanavyofanya wasafiri wanaoandika. Najua sasa kwamba injini inavuta, haisukumi. Najua mtu anaweza kuzungumza kwa uhakika hadi fundi mwenye miaka thelathini kazini akaona aibu kumuuliza "mafuta gani?", na kwamba aibu ile niliipanda mimi kwa asilimia zangu kabla ya ile simu. Nimezoea kuwasahihisha watu kwa maneno wanayoandika. Sikuwahi kurudi nyuma kulichukua neno langu kutoka mahali lilipoangukia. Safari ya siku tatu, na kuungama kwenyewe hakukuchukua dakika mbili.

Simu iliita tukiwa tumeshaona mapaa ya Manyoni. Haikuwa namba ya Elia. Ilikuwa ya fundi Ntandu.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia, fundi. Vipi?"

"Elia kapiga." Nyuma yake kulikuwa na kelele, sikuelewa ni za nini. "Yuko juu. Kasema gia ya tatu mpaka ile kona kali, kisha ya pili, mshale wa joto haukusogea. Halafu kasema, 'Fundi, nakuomba radhi, na hapa wanasikia.' Kaniwekea spika. Nimewasikia wakipiga kelele."

Nilijipiga kofi pajani. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka kunitazama.

"Wewe ukasemaje?" nikauliza.

"Ningesema nini? Nimemwambia aangalie maji kwenye rejeta akishuka." Akakohoa. Zile kelele zikakaribia, na sasa nilizitambua: ilikuwa honi, kisha nyingine. "Dada, usafiri salama. Mama Shabani anaita, kuna malori mawili yamesimama getini na kuku wamekaa njiani. Nakata."